Makopo mawili na usiku wa kuandama mwezi: namna ya kujitengenezea antena nyumbani



Ilikuwa jioni ya siku ya 29 ya Ramadhani, nyumbani kwa mama yangu Kisauni. Tumefuturu, tumeswali Magharibi, na nyumba nzima iko katika ile hali ya kungoja tunayoijua sote. Kilo nne za nyama ya biriani ziko kwenye sinia jikoni. Mama hajui azitie viungo zilale, au azirudishe kwenye friji. Watoto wanauliza kesho ni Idd au si Idd. Simu nazo zinalia mfululizo: kikundi kimoja cha WhatsApp kinasema mwezi umeonekana, cha pili kinasema haujaonekana, na cha tatu kimeleta picha ya mwezi ambayo nina hakika niliiona mwaka juzi.

Mama akasema, "Mimi hayo ya simu siyataki. Nifungulieni tivii nimsikie Kadhi Mkuu mwenyewe."

Tukafungua. Kioo cheusi, na maandishi kwamba hakuna mawimbi.

Nikapanda ngazi na tochi ya simu. Ile antena iliyofungwa juu ya paa miaka mitano nyuma ilikuwa imeliwa na upepo wa bahari. Vijiti vitatu vimeanguka, na pale kwenye kiungio cha waya pamegeuka unga mweupe na kijani. Nikampigia simu fundi wa mtaani. Akanijibu kwa upole kabisa: antena mpya "ya kidijitali" ni shilingi elfu tatu na mia tano, elfu moja ya kupanda juu, "lakini leo siji, kaka, na mimi nasubiri mwezi kama wewe."

Nikarudi ndani nimekasirika. Juu ya meza ya futari palikuwa na makopo mawili ya soda ambayo watoto walikuwa wameyamaliza. Nikayatazama kwa muda, kisha nikamwomba mpwa wangu aniletee rula ya shule.

Kama mwezi uliandama au la, nitakwambia mwishoni. Kwanza nataka tuzungumze juu ya makopo, kwa sababu wengi wetu tumekuwa tukitoa pesa nyingi kwa kitu ambacho rula, kisu na vyuma vilivyo jikoni vinaweza kukifanya. Na wengine, Mungu atuhifadhi, wamekuwa wakihatarisha roho zao kwa kukifanya vibaya.

Zama za "imeshika?"

Aliyelelewa Pwani mwishoni mwa miaka ya 80 hahitaji kuelezwa. Runinga ilikuwa moja mtaa mzima na stesheni ilikuwa moja nchi nzima, kwani KTN ilianza mwaka 1990, nayo ilianzia Nairobi. Kwetu, ami yangu alikuwa juu ya paa akizungusha mlingoti, mimi niko dirishani, na bibi yangu yuko mbele ya kioo. Ami anauliza, "Imeshika?" Mimi namuuliza bibi. Bibi anasema, "Chenga tupu!" Nami napeleka habari juu. Ami anazungusha tena. Ikishika, anaambiwa, "Hapo hapo! Usiguse!" Na akiachia tu mkono, picha inaondoka, kwa sababu mwili wa ami wenyewe ulikuwa umegeuka sehemu ya antena.

Ndipo vilipoanza vituko vya vyombo. Mmoja alifunga mfuniko wa sufuria. Mwingine alitundika sinia la alumini. Mwingine aliingiza uma nyuma ya runinga. Mara nyingine picha ilikuwa nzuri, mara nyingine ilizidi kuharibika, na hakuna aliyejua kwa nini. Tuliamini tu kwamba chuma kinanasa, na chuma kikubwa kinanasa zaidi.

Wazee pia walikuwa na hadithi kwamba usiku wa kaskazi uliotulia, Zanzibar inaingia. Wengine walidhani ni baraka za mlingoti mrefu. Ukweli ni kwamba baharini, hewa ya joto na kavu ikitanda juu ya hewa ya ubaridi na unyevu, hutokea kama mfereji wa hewa unaoyasafirisha mawimbi mbali kuliko kawaida yake. Na ncha ya kaskazini ya Pemba iko kama kilomita 90 tu kutoka Mombasa. Basi wazee hawakuwa wakidanganya, ila sifa walimpa mlingoti badala ya hewa.

Mimi si injinia mkubwa. Nina diploma ya umeme niliyoipata zaidi ya miaka 20 iliyopita, na kazi yangu ya sasa ni nyingine. Lakini kuna jambo moja mwalimu wetu alilisema darasani ambalo sijalisahau: antena ni kipimo kwanza, chuma baadaye.

Kipimo ndicho kinachonasa

Wimbi la runinga, kama wimbi la bahari, lina urefu wake: kutoka kilele kimoja hadi kilele kinachofuata. Urefu huo unapatikana kwa hesabu rahisi. Chukua 300, ugawanye kwa masafa ya stesheni kwa megahezi, na jibu ni urefu wa wimbi kwa mita. Stesheni ikiwa kwenye megahezi 600, basi 300 kwa 600 ni nusu mita, yaani sentimita 50.

Chuma kinanasa wimbi vizuri zaidi kinapokuwa na urefu wa karibu nusu ya wimbi hilo. Nusu ya 50 ni 25. Antena hiyo unaikata katikati ikawa na mikono miwili ya sentimita 12 na kitu, mmoja kulia, mmoja kushoto, na katikati ndipo unapofunga waya. Antena ya namna hii huitwa daipoli, na si ya jana. Mjerumani Heinrich Hertz alitumia ya aina hiyo mwishoni mwa miaka ya 1880 alipokuwa akithibitisha kwamba mawimbi haya yapo. Naye alifanya kwa nyaya na vipande vya chuma alivyokuwa navyo maabarani.

Ile antena ya juu ya paa yenye umbo la mfupa wa samaki pia ni jamaa yake. Ilibuniwa Japani mwaka 1926 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi. Ukiitazama vizuri utaona ni mkono mmoja tu kati ya ile miiba ambao umefungwa waya. Huo ndio daipoli. Miiba mingine kazi yake ni kulielekeza wimbi, na ule wa nyuma kulirudisha.

Sasa tazama jambo la ajabu. Kopo la kawaida la soda la mililita 330, lile nene, lina urefu wa karibu sentimita 11 na nusu. Laza makopo mawili, uyaelekeze ncha kwa ncha, uache nafasi ya sentimita mbili katikati. Jumla ni sentimita 25. Hiyo ndiyo nusu ya wimbi la megahezi 600! Aliyetengeneza kopo alikuwa akifikiria soda tu, lakini alitupatia daipoli bila kujua. Hata yale makopo membamba marefu, yenye kama sentimita 14 na nusu, yanafaa, ila yanaelekea zaidi kwenye stesheni za masafa ya chini.

Na je, kwa nini mambo ya zamani hayafanani na ya sasa? Wakati wa analogi, stesheni ya taifa katika sehemu nyingi ilirushwa kwa masafa ya VHF, ya karibu megahezi 200. Nusu ya wimbi hapo ni sentimita 75. Ndiyo sababu antena za ami yangu zilikuwa kubwa kama kitanda. Leo runinga zetu za kidijitali ziko kwenye UHF, kuanzia megahezi 470 hadi karibu 694, na nusu ya wimbi ni kati ya sentimita 21 na 32. Kwa hiyo yule anayefunga sufuria kubwa juu ya paa kwa kudhani ukubwa unasaidia, anatengeneza antena ya mwaka 1988.

Kilichobadilika mwaka 2015

Wengi wanakumbuka fujo ya mwaka huo. Mitambo ya analogi ilizimwa awamu kwa awamu katika miezi ya mwanzo ya 2015, ili kuwahi tarehe ya mwisho ya kimataifa ya Juni 17. NTV, KTN na Citizen zikatoweka hewani kwa zaidi ya wiki mbili kwa mvutano kuhusu nani arushe matangazo. Baada ya vumbi kutulia, tukabaki na mfumo unaoitwa DVB-T2, na kila nyumba ikahitaji king'amuzi au runinga mpya yenye king'amuzi ndani yake.

Hapo ndipo maneno ya biashara yalipoingia. Tukaanza kuuziwa "antena ya kidijitali". Ndugu zangu, hakuna antena ya kidijitali. Antena ni chuma kilichopimwa. Haijui kama wimbi limebeba analogi au dijitali, kama vile ndoo haijui kama ndani yake mna maji ya mvua au ya mfereji. Kinachosoma dijitali ni king'amuzi. Kama antena yako ya zamani ni ya UHF na haijaoza, ni hiyo hiyo.

Tofauti kubwa iko kwenye kioo. Analogi ilikuwa na huruma: mawimbi yakipungua, ulipata chenga, lakini taarifa ya habari uliisikia. Dijitali haina huruma hiyo. Mawimbi yakitosha, picha ni safi kama kioo. Yakipungua kidogo chini ya kiwango, picha inakatika vipande vipande, sauti inagugumia, halafu giza. Kwa hiyo mtu anaweza kudhani hana mawimbi kabisa, kumbe amepungukiwa kidogo tu, na kusogeza antena nusu mita kunatosha.

Kabla hujakata kopo

Usianze kutengeneza kabla ya kuangalia. Mara nyingi antena ni nzima na ugonjwa uko kwingine. Chomoa waya nyuma ya king'amuzi, utazame: je, ule uzi wa shaba wa katikati umegusana na nyuzi za wavu zinazouzunguka? Zikigusana, hata antena ya dola elfu haitafanya kazi. Je, shaba imegeuka kijani? Kata kipande, uchune upya. Hapa kwetu chumvi ya bahari hula kila kiungio kilichoachwa wazi, na maji ya mvua huingia ndani ya waya yakashuka hadi sebuleni.

Halafu nenda kwenye menyu ya king'amuzi, utafute mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora wake. Ubora ndio wa kutazamwa. Nguvu kubwa bila ubora ni kelele tupu.

Usiku ule kwa mama, waya ulikuwa mzima na antena ndiyo imekufa. Kwa hiyo niliukata waya pale juu, nikaushusha ndani.

Namna ya kutengeneza

Utahitaji: makopo mawili yanayolingana, yaliyooshwa na kukaushwa, kipande cha mbao, au hanga ya mbao, au hata mti wa ufagio, skrubu mbili fupi na washa zake, msasa, kisu, tepu ya umeme, na waya wa antena, ule mnene wenye shaba katikati na wavu pembeni. Ule waya ni wa omu 75, na daipoli nayo ina karibu omu 73, kwa hiyo wanapatana bila mshenga.

Kwanza, chuna ganda la nje la waya kama sentimita nane. Usiukate wavu. Ukusanye upande mmoja, uusokote uwe uzi mmoja. Kisha chuna plastiki nyeupe ya ndani sentimita mbili, ubaki na shaba.

Pili, kwangua kopo kwa msasa karibu na ukingo, pale utakapofunga waya, mpaka uone alumini inayong'aa. Hatua hii wengi huiruka, halafu wakasema makopo ni uongo. Kopo limepakwa rangi nje na dawa ndani, na umeme haupiti kwenye rangi. Tena usihangaike na risasi ya kulehemu, alumini haiikubali kirahisi. Tumia skrubu na washa.

Tatu, funga shaba ya katikati kwenye kopo moja, na uzi wa wavu kwenye kopo la pili. Hakikisha makopo hayagusani, na nyaya zao hazigusani.

Nne, yafunge makopo kwa tepu kwenye mti, ncha kwa ncha, nafasi ya sentimita mbili katikati, zile sehemu zilizofungwa waya zikitazamana. Waya uondoke katikati kwa kunyooka kama herufi T, angalau sentimita 30, kabla ya kuupinda. Usiulaze kando ya kopo.

Huna makopo? Kata hanga ya waya, vipande viwili vya sentimita 12 au 13. Kama hanga imepakwa plastiki, ichune pale pa kufungia. Kopo lina faida moja: unene wake unalisaidia kupokea masafa mengi kwa pamoja, ilhali waya mwembamba huchagua zaidi.

Tano, kabla ya kuwasha, ingia kwenye menyu ya king'amuzi utafute sehemu ya umeme wa antena. Ving'amuzi vingi vina uwezo wa kupeleka volti tano juu kwa ajili ya antena zenye kikuza mawimbi. Antena yetu haihitaji, kwa hiyo uzime. Kisha fanya utafutaji wa stesheni upya.

Sinia la bibi lilikuwa na siri

Sasa turudi kwenye yale masinia ya zamani. Je, yalikuwa upuuzi? La. Bapa la chuma nyuma ya antena hulirudisha wimbi mbele, kama kioo kinavyorudisha mwanga wa kurunzi. Lakini ni lazima likae umbali wa karibu robo ya wimbi, yaani sentimita 10 hadi 13 nyuma ya makopo. Likigusa au likikaribia sana linaua mawimbi. Likiwekwa mbele, linayaziba. Ndiyo maana sinia la jirani mmoja lilileta picha na la mwingine liliifukuza. Sinia lilikuwa lile lile, umbali ndio uliokuwa tofauti.

Si lazima liwe sinia. Kadibodi iliyofunikwa karatasi ya alumini ya jikoni inatosha. Wavu wa kuku ni bora zaidi ukiweka nje, kwa sababu matundu yake ni madogo mno kwa wimbi lakini makubwa kwa upepo. Kusi ikivuma, sinia litaruka hadi kwa jirani, wavu utabaki.

Pa kuiweka

UHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kama macho yanavyoona. Kila kizuizi ni hasara. Paa la mabati ni ukuta wa chuma: antena ikiwa chini yake, wimbi linaloingia ni lile la dirishani tu. Kuta nene za mawe za Mji wa Kale nazo zinakula sana. Makuti ni mepesi kwa mawimbi, ila yakilowa na mvua si kama yakiwa makavu. Kwa hiyo weka dirishani, juu kadiri uwezavyo, mbali na grili za chuma, mbali na friji, na mbali na zile taa na chaja za bei ya chini zinazotoa kelele za umeme.

Uelekeo unaupata bila gharama: tazama antena za majirani zinazofanya kazi zinaelekea wapi. Tazama pia kama miiba yao imelala au imesimama, na makopo yako uyaweke vivyo hivyo. Daipoli hupokea kwa ubavu, si kwa ncha. Kwa hiyo ubavu wa makopo uelekee mnara. Ukiona stesheni za kundi moja zinaingia na za kundi jingine haziingii, usilaumu makopo kwanza. Matangazo yanarushwa na kampuni zaidi ya moja, na minara yao si lazima iwe mahali pamoja. Tafuta pembe ya katikati inayozipata zote.

Na niseme ukweli: makopo si muujiza. Mjini na karibu na mnara yatakutosha. Ukiwa mbali sana, au nyuma ya kilima, utahitaji antena ya mfupa wa samaki iliyo juu, au sahani ya setilaiti, ambayo ni mambo mengine kabisa. Vikuza mawimbi vinavyouzwa dukani vinakuza na kelele pia: kama hakuna mawimbi, vitakuza hewa. Ukiziweka nje, antena za makopo hapa Pwani hazikai muda mrefu kabla ya chumvi kuzimaliza. Ndani zinadumu.

Yasiyofaa kujaribiwa

Hapa naomba usikilize kama ungemsikiliza mzazi.

Kuna watu huchukua waya wakauchomeka kwenye tundu la soketi ya umeme kwa kusikia kwamba tundu moja "halina moto" na nyaya za nyumba zinanasa runinga. Usifanye, na usimruhusu mtoto afanye. Nyumba nyingi nyaya zake zimefungwa na watu wasiosomea, na lile tundu lisilo na moto leo linaweza kuwa nao kesho. Runinga, king'amuzi, hata kopo unalolishika, vyote vitakuwa na umeme.

Pili, usisimamishe mlingoti wa chuma mahali ambapo ukianguka unaweza kugusa nyaya za umeme zinazopita mtaani. Pima urefu wa mlingoti, uutazame waya, ufanye hesabu kabla ya kuusimamisha. Wakati wa mvua za masika, radi zikianza, chomoa waya wa antena na wa umeme, usingoje tangazo liishe.

Tatu, paa. Makuti yaliyooza na mabati yaliyoliwa na chumvi hayambebi mtu mzima. Usipande usiku kama nilivyopanda mimi siku ile. Nililaumiwa na mama, na alikuwa na haki.

Kwa nini naandika haya

Si kwamba nawachukia mafundi. Fundi mzuri anayepanda mlingoti juani anastahili ujira wake, na kazi nyingine haziwezekani bila yeye. Lakini elfu nne na mia tano kwa nyumba nyingi za Kisauni, Likoni au Changamwe ni pesa ya unga wa wiki kadhaa. Mtu akiambiwa hana mawimbi kwa sababu hana antena ya kidijitali, ataamini, kwa sababu hakuna aliyemweleza. Wengine huacha kabisa, wakabaki na simu na uvumi wake.

Na stesheni za bure ni za bure kweli. Haziombi malipo ya mwezi. Mawimbi yake yanapita juu ya paa la tajiri na la maskini sawasawa, yanapita hata sasa unaposoma. Anayekosa si kwamba amenyimwa. Amekosa sentimita 25 za chuma zilizopimwa, na mtu wa kumwonyesha.

Fundisheni watoto wenu jambo hili wikendi moja. Kopo na rula vitawafundisha urefu wa wimbi kuliko ubao wa darasa. Mpwa wangu sasa ameshatengenezea nyumba mbili za majirani, na malipo yake ni soda, jambo ambalo linampa makopo zaidi.

Sasa ya mwezi. Kutoka kukata waya hadi picha kuingia ilituchukua kama dakika arubaini, nyingi zikiwa za kutafuta msasa. Nilisimamisha makopo dirishani kwa mti wa ufagio, nyuma yake sinia la alumini lililokuwa limebaki. Mara ya kwanza giza. Nikasogeza sinia nyuma vidole viwili, nikageuza ubavu kidogo kuelekea zilikoelekea antena za majirani. Mpwa wangu akapiga kelele kutoka sebuleni, "Imeshika!" Nikahisi nimerudi mwaka 1988, ila safari hii nilijua kwa nini.

Mama alimsikia Kadhi Mkuu mwenyewe, kwa sauti safi, mwanzo hadi mwisho. Mwezi haukuonekana. Tukafunga thelathini.

Nyama ikarudi kwenye friji. Mama akageuka, akanitazama, kisha akalitazama dirisha. "Mwanangu," akasema, "hayo makopo usiyaondoe. Lakini sinia langu nalitaka kesho kwa biriani."

Siku ya pili nikaweka kadibodi na karatasi ya alumini. Iko hapo hadi leo.

Tukutane juma lijalo, inshallah.